Mkiachana, Yaandikeni Malezi: Ushauri kwa Wazazi wa Mwambao wa Mweru

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, Zambia hufunga uvuvi katika maziwa na mito yake mingi ili samaki wapate kuzaliana. Nchelenge na Kashikishi, kwenye mwambao wa Ziwa Mweru, hutulia. Mitumbwi hupandishwa mchangani, taa za kuvulia samaki wadogo waitwao chisense huzimwa, na watu hupungua sokoni. Katikati ya kipindi hicho, mwezi wa Januari, shule hufunguliwa. Mtoto anataka sare, viatu na madaftari wakati baba yake mvuvi hajashika pesa ya ziwa kwa zaidi ya mwezi. Penye baba na mama nyumba moja, huo ni msimu wa kubana matumizi. Kwa wazazi walioachana, ni msimu wa kushtakiana. Mama anasema baba amemtelekeza mtoto; baba anasema ziwa limefungwa. Wote wawili wanasema kweli, na mtoto anaanza muhula bila daftari.

Ugomvi wa namna hiyo ungeweza kuzuiwa kwa sentensi moja iliyoandikwa mapema: kwamba kufikia tarehe 30 Novemba baba atakuwa ameshatoa fungu la miezi mitatu ya ziwa kufungwa, pamoja na mahitaji ya shule ya Januari. Sentensi hiyo haihitaji wakili. Inahitaji wazazi wawili waliokubali kukaa chini, kalamu na mashahidi. Makala haya yanaeleza mambo ambayo wazazi walioachana, au wanaoelekea kuachana, wayaandike katika mpango wao wa malezi, yakifuata maisha yalivyo leo kwenye mwambao huu: ziwa, simu, mpaka, ukoo na ndoa mpya.

Kwa nini ahadi ya mdomo haitoshi tena

Katika bonde la Luapula, mtoto huhesabiwa kuwa wa ukoo wa mama yake. Ndoa ilipovunjika zamani, ilijulikana mtoto atalala wapi na mjomba yupi atamsimamia. Aliyekuwa mshenga wa ndoa hiyo, shibukombe, aliweza kuitwa kukumbusha yaliyokubaliwa. Ahadi ya mdomo ilishika kwa sababu walioisikia waliishi karibu, na aliyeivunja alikutana nao kisimani na kanisani.

Leo baba anaweza kuwa mgodini Kitwe, mama anafanya biashara ya samaki wakavu hadi Kasumbalesa, na anayemlea mtoto ni bibi pale Kashikishi. Pesa inakuja kwa simu. Salamu zinakuja kwa ujumbe wa sauti. Wengine wana mzazi mmoja ng'ambo ya ziwa, Kongo, na mwingine huku. Tangu 2018, kambi ya Mantapala wilayani Nchelenge imepokea maelfu ya wakimbizi wa Kongo, wengi wao wasemaji wa Kiswahili, na miongoni mwao zimo familia ambazo vita vilizitenganisha kabla ya talaka kuzitenganisha. Katika hali hiyo hakuna jirani anayemkumbusha mtu ahadi yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na malezi ya mtoto yana thamani kuliko mali.

Sheria inakupa msingi

Zambia ina njia mbili za talaka. Ndoa ya kimila huvunjwa katika mahakama za mitaa, ambako watu hujisemea wenyewe bila wakili. Ndoa iliyofungwa kwa sheria ya serikali huvunjwa Mahakama Kuu, chini ya sheria ya mashauri ya ndoa ya mwaka 2007. Njia zote mbili zinabanwa na sheria ya watoto, namba 12 ya mwaka 2022, iliyofuta sheria ya zamani ya watoto ya 1956 na ile ya matunzo, ikaweka mambo mengi ya mtoto mahali pamoja. Kiini chake ni kwamba masilahi ya mtoto yanatangulia matakwa ya wakubwa. Mzazi haachi kuwa mzazi kwa sababu ndoa imekufa.

Msidhani kwamba sheria ni moja kila mahali Kiswahili kinakosemwa. Kenya, Katiba ya 2010 katika ibara ya 53 inawapa baba na mama wajibu ulio sawa, wawe wamefunga ndoa au la. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vema akae na mama, isipokuwa kuwe na sababu ya kuamua vingine. Kongo ina sheria yake ya familia, iliyorekebishwa mwaka 2016. Shemeji wa Dar es Salaam au wa Lubumbashi akikuambia "sheria inasema hivi", muulize ni sheria ya nchi gani.

Mpango wa malezi ulioandikwa si jambo geni duniani. Jimbo la Washington nchini Marekani liliuweka katika sheria mwaka 1987. Karibu nasi zaidi, sheria ya watoto ya Afrika Kusini ya 2005 inawataka wazazi wenye mvutano wajaribu kwanza kukubaliana mpango kabla ya kukimbilia mahakamani, na inataja mambo manne: mtoto ataishi wapi na nani, matunzo yake yatatoka wapi, atakutana vipi na mzazi mwingine na watu wengine, na atasoma na kulelewa katika dini gani. Anzeni na hayo manne. Sheria ile, hata hivyo, iliandikwa miaka miwili kabla ya pesa za simu kuanza Kenya, na kabla watoto hawajashika simu janja. Kwa hiyo mpango wa leo unahitaji kurasa za ziada.

Kalenda ifuate kazi na shule

Mipango mingi ya ughaibuni husema mtoto ataenda kwa baba "kila wikendi ya pili". Hapa maneno hayo hayana maana. Chisense huvuliwa usiku kwa taa, na mvuvi anaweza kukaa wiki nzima kwenye kambi za uvuvi. Mfanyabiashara wa samaki husafiri lori linapopatikana. Anayelima mihogo na mahindi ana misimu yake. Msiandike kalenda ambayo wote wawili mnajua haitafuatwa.

Anzeni na mihula mitatu ya shule. Likizo kubwa huangukia Aprili, Agosti na Desemba. Desemba, ziwa likiwa limefungwa, baba mvuvi yuko nyumbani na mtoto hana shule. Hicho ndicho kipindi kizuri cha mtoto kukaa na baba siku nyingi mfululizo. Aprili na Agosti, baba yuko kazini. Kama mtoto atakwenda kwake wakati huo, andikeni nani hasa atakuwa naye usiku baba anapokuwa majini. Kumpeleka mtoto kwa baba, kisha akaachwa chumbani na vijana wa kambi, si kumpa baba muda na mtoto.

Andikeni pia kwamba mtoto hataondolewa shuleni kwenda kambi ya uvuvi, iwe kuanika samaki, kupika au kuwaangalia wadogo. Kumsaidia mzazi siku ya likizo ni malezi, na mtoto wa mvuvi hujifunza kazi kwa namna hiyo. Kumkosesha muhula ni kumnyang'anya haki yake.

Siku kuu nazo zitajwe kwa majina. Nani yuko na mtoto Krismasi? Nani mwaka mpya? Mwezi wa Julai, Walunda wanapokusanyika Mwansabombwe kwa sherehe ya Mutomboko, mtoto ataenda na upande upi? Mnaweza kubadilishana mwaka kwa mwaka. Familia za Kiislamu ziandike Idi mbili. Mambo haya yanaonekana madogo hadi siku ile mtoto anapovutwa na pande mbili mlangoni.

Mwisho, wekeni kanuni ya kuchelewa. Upepo unaweza kuchafua ziwa, na basi la Mansa linaweza kuharibika njiani. Andikeni kwamba atakayechelewa atapiga simu au kutuma ujumbe mara atakapopata mtandao, na kwamba siku zilizopotea kwa sababu ya hali ya hewa zitafidiwa likizo inayofuata.

Pesa: kiasi, tarehe na ushahidi

Tangu 2022, serikali ya Zambia imefuta ada katika shule za umma hadi mwisho wa sekondari. Baadhi ya wazazi wakasikia "elimu bure" wakadhani wajibu umeisha. Mtoto bado anahitaji sare, viatu, vitabu na nauli, na akipelekwa bweni, gharama za bweni. Kwa hiyo tenganisheni mafungu matatu: matunzo ya kila mwezi, mahitaji ya shule ya kila muhula, na dharura kama hospitali. Kila fungu liandikwe nani anatoa nini.

Kwa mzazi mwenye mshahara, kiasi kimoja kwa mwezi kinafaa. Kwa mvuvi au mfanyabiashara, pato la mwezi mmoja si la mwezi mwingine. Wekeni kiwango cha chini ambacho hakishuki, na nyongeza katika miezi ya mavuno. Wekeni pia malipo ya mapema ya kipindi cha ziwa kufungwa, kama nilivyoeleza mwanzoni. Mkikubaliana sehemu ya matunzo iwe chakula, andikeni: magunia mangapi ya mahindi, unga wa mihogo kiasi gani, samaki wakavu kiasi gani, na lini. Gunia la mahindi ni matunzo halali likiwa limeandikwa. Lisipoandikwa, baadaye litaitwa zawadi.

Pesa za simu zimeleta faida kubwa, kwa kuwa kila muamala huacha alama. Tumieni namba moja tu ya kupokelea, iliyotajwa katika mpango, na jina la mwenye laini. Msitume kwa namba ya shangazi leo na ya jirani kesho, kisha mkabishana nani alipokea. Andikeni nani anabeba gharama ya kutuma na kutoa. Hifadhini ujumbe wa kila muamala, na kila mwisho wa mwezi uandikwe kwenye daftari la kawaida, kwa sababu simu hupotea na nyingine huanguka majini. Anayepokea ajibu kwa maneno mafupi: "Nimepokea, fungu la Machi." Sentensi hiyo imewaokoa wengi na kesi.

Jambo moja lisichanganywe kamwe: matunzo na kumwona mtoto. Baba aliyechelewesha pesa asizuiwe kumwona mwanawe kama adhabu, na mama aliyekataza ziara asinyimwe pesa ya mtoto kama kisasi. Hivyo ni vitu viwili, na vyote ni vya mtoto. Pesa isipokuja, nenda mahakamani ukadai pesa. Usimtumie mtoto kuwa dhamana.

Simu mkononi mwa mtoto

Hapa ndipo mipango ya zamani ilipo kimya kabisa. Mzazi aliye mbali humnunulia mtoto simu ili azungumze naye, na nia yake ni njema. Mzazi anayeishi naye huona simu imeingia nyumbani mwake bila idhini. Kubalianeni kwanza: mtoto atapata simu yake akiwa na umri gani, nani ananunua bando, italala wapi usiku, na nani anajua namba ya siri. Kabla ya umri huo, mtoto atapigiwa kwenye simu ya mlezi.

Pangeni saa za kupiga. Mzazi aliye kisiwani Kilwa au Isokwe, au kwenye kambi ya uvuvi, hana mtandao kila wakati. Aandike siku anazokuwa nchi kavu. Mzazi mwingine naye aahidi kwamba saa hizo simu itakuwa na chaji na mtoto atakuwa karibu, na kwamba hatasimama pembeni akimnong'oneza mtoto majibu. Mazungumzo ya mtoto na mzazi wake yasirekodiwe ili yapelekwe kwa wazee au mahakamani. Mtoto akijua anarekodiwa, ataacha kusema ukweli kwa wote wawili.

Picha ziwe na kanuni. Msiweke mitandaoni picha za mtoto akiwa mgonjwa, akiwa anaoga ziwani, au akiwa na sare inayoonyesha shule yake. Msiwaandike wazazi wenzenu vibaya kwenye hali ya WhatsApp, kwa sababu mtoto wa miaka kumi anaisoma, na rafiki zake pia. Ugomvi wa wazazi usiingie katika kikundi cha wazazi wa darasa.

Mtoto asiwe tarishi. "Mwambie baba yako alete pesa" ni sentensi inayomwumiza mtoto mara mbili: akiisema anaogopa, asipoisema anaogopa. Ujumbe wa malezi upite kwa wazazi wenyewe, kwa maandishi mafupi yenye adabu. Kama hamwezi kuandikiana bila kutukanana, chagueni ndugu mmoja anayeheshimiwa na pande zote awe njia ya mawasiliano.

Kuvuka ziwa, kuvuka mpaka

Mweru ni ziwa la nchi mbili. Ng'ambo ya pili ni Kongo, na biashara, ndoa na matanga huvusha watu kila siku. Mpango wa wazazi wa Nchelenge usipozungumzia maji na mpaka una pengo kubwa.

Kwanza usalama. Andikeni kwamba mtoto hatavuka ziwa usiku, wala katika boti iliyojaa kupita kiasi, wala bila jaketi la kuokoa maisha linalomtosha. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto mdogo. Mzazi anayesafiri na mtoto anunue lake, na libaki na mtoto aendapo.

Pili ruhusa. Mtoto asivushwe kwenda nchi nyingine bila barua iliyosainiwa na mzazi mwingine, ikitaja anaenda wapi, kwa nani, na anarudi tarehe gani. Majina ya mahali yaandikwe kikamilifu: Kilwa ni kisiwa cha Zambia ndani ya ziwa, na Kilwa ni mji wa Kongo ng'ambo. Barua inayosema "anaenda Kilwa" inaweza kuzaa kesi.

Wanaopeleka watoto mikoa ya migodi wakumbuke kwamba njia fupi kutoka Mansa kwenda Mufulira hupita Chembe, ambako daraja la Luapula lilifunguliwa mwaka 2008, kisha hukatiza ardhi ya Kongo kwa takriban kilomita 70 hadi Mokambo. Safari inayoonekana kuwa ya ndani ya Zambia inavuka mpaka wa kimataifa mara mbili. Njia ya Samfya na Serenje ni ndefu, lakini haitoki nchini. Andikeni mtoto atapita ipi, na akiwa na karatasi gani.

Sababu ya tahadhari hii ni nzito. Zambia ilijiunga mwaka 2014 na Mkataba wa The Hague wa 1980, unaosaidia kumrudisha mtoto aliyechukuliwa na mzazi mmoja hadi nchi nyingine. Kongo si mwanachama wake. Mtoto akivushwa kwenda Pweto na kufichwa kwa ndugu, mkataba huo haumfikii, na mzazi aliyebaki anategemea wazee na mahakama za nchi nyingine. Kinga iliyopo ni makubaliano kabla ya safari.

Kwa wazazi wa Mantapala, ongezeni kibali cha kutoka nje ya makazi, na kila mmoja awe na nakala ya karatasi za mtoto. Familia ikihamishwa ghafla, mtoto asiye na karatasi ni vigumu kumuunganisha na mzazi wake.

Afya na vyeti

Nchelenge ni kati ya maeneo ya Zambia yanayosumbuliwa zaidi na malaria. Kwa hiyo nyumba zote mbili ziwe na chandarua cha mtoto, na hilo liandikwe. Homa ikianza, mtoto apelekwe kupimwa siku hiyohiyo, kituo cha karibu au hospitali ya Mtakatifu Paulo pale Kashikishi, bila kungoja ruhusa ya mzazi aliye mbali. Taarifa ifuate kwa simu. Kwa upasuaji au matibabu ya kupelekwa mbali, wazazi wote washauriane, isipokuwa hali ikiwa ya kufa na kupona.

Kadi ya kliniki isafiri na mtoto. Mtoto anayetumia dawa kila siku asafiri na dawa za kutosha, na mlezi wa upande wa pili afundishwe saa na kipimo. Siri ya ugonjwa wa mtoto ibaki kwa wanaomhudumia. Mzazi anayetangaza hali ya afya ya mwanawe ili kumwaibisha mwenzake amemjeruhi mtoto kwa miaka mingi ijayo.

Vyeti navyo viandikiwe mahali pa kukaa. Cheti cha kuzaliwa kiwe na majina ya wazazi wote wawili. Kama hakijatolewa, andikeni nani atakifuatilia na lini. Mtoto anapofika miaka 16 anatakiwa kupata kitambulisho cha taifa, na hapo karatasi za wazazi huhitajika. Cheti halisi kikae kwa mzazi mmoja, nakala kwa mwingine.

Cheti cha kuzaliwa kina kazi nyingine. Chini ya sheria ya mirathi isiyo na wosia ya 1989, watoto wa marehemu hugawana asilimia 50 ya mali yake, mjane au wajane asilimia 20, wazazi wake asilimia 20, na wategemezi wengine asilimia 10. Watoto wa ndoa iliyovunjika wamo katika ile 50. Tatizo huwa kuthibitisha kwamba wao ni wake, hasa baba akiwa ameoa tena na msiba uko mbali.

Ukoo, mila na ndoa mpya

Masimulizi ya mwambao huu yana habari ya Nachituti. Kaka yake, Nkuba, mtawala wa Washila, alimuua mtoto wa Nachituti. Mama huyo akamwendea Mwata Kazembe wa Walunda amlipie kisasi, na baada ya Nkuba kuuawa alimpa Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji, yaani nchi na ziwa. Wengi wanaosimulia historia ya Mweru huanzia hapo. Mjomba, ambaye mila ilimpa mamlaka juu ya mtoto, ndiye aliyemwangamiza, na nchi nzima ikabadilika.

Ninaitaja habari hiyo kwa sababu mamlaka ya ukoo yanahitaji mipaka. Mjomba mwema ni ngome ya mtoto baada ya talaka, na shangazi mwema vilevile. Watajeni katika mpango kwa majina na kazi zao: nani anaweza kumchukua mtoto shuleni, nani atasikilizwa wazazi wasipopatikana, na nani hana ruhusa ya kuamua juu ya mtoto. Bibi anayelea asaidiwe na wote wawili. Yeye ndiye anayeamka usiku, wala hapaswi kuomba sabuni.

Binti anapokaribia kubalehe, kubalianeni juu ya mafunzo ya unyago, yaani ichisungu: yatafanywa au la, lini, na nani atakayemfunda, ili yasiingilie masomo. Andikeni waziwazi kwamba mafunzo hayo si ruhusa ya kuolewa. Tangu 2023 sheria ya ndoa ya Zambia imeweka miaka 18 kwa ndoa zote, za kimila zikiwamo. Mahari isipokelewe na upande wowote kabla ya hapo.

Ndoa mpya zitakuja, na si dhambi. Kubalianeni kwamba mtoto hatajulishwa kila mchumba, bali yule ambaye jambo lake limefika kwa wazee. Baba wa kambo na mama wa kambo waheshimiwe, lakini adhabu na maamuzi makubwa yabaki kwa wazazi. Mtoto awe na mahali pake pa kulala, mbali na watu wazima na wageni. Akisema mtu fulani anamsumbua, asikilizwe siku hiyohiyo, hata kama anayetajwa ndiye mwenye kulisha nyumba.

Pale ambapo kukaa chini si salama

Ushauri wote huu unafaa wazazi wanaoweza kuzungumza bila hofu. Penye kipigo, vitisho au unyanyasaji wa mtoto, usilazimishwe na kanisa wala ukoo kukaa meza moja na anayekuumiza. Zambia ina sheria ya mwaka 2011 dhidi ya ukatili wa kijinsia, na polisi wana kitengo cha kuwasaidia waathirika. Nenda huko, au kwa ofisa ustawi wa jamii, na mahakama iamue kama mtoto ataonana na mzazi huyo, na chini ya uangalizi wa nani.

Namna ya kuandika

Andikeni kwa lugha mnayoielewa wote, iwe Kibemba, Kiswahili au Kiingereza. Mzazi asiyesoma asomewe na mtu anayemwamini yeye, si anayeaminiwa na mwenzake. Kila kifungu kijibu maswali manne: nani, nini, lini, na ikishindikana itakuwaje. "Baba atasaidia mtoto" si kifungu. "Baba atatuma fungu la mwezi kabla ya tarehe 5 kwa namba iliyotajwa; akikwama atatoa taarifa kabla ya tarehe hiyo na kulipa ndani ya siku 14" ni kifungu.

Mtoto aulizwe kulingana na umri wake. Asiulizwe anampenda nani zaidi. Aulizwe shule yake, rafiki zake, na kinachomtisha anapohama nyumba hii kwenda ile. Uamuzi ubaki wenu, lakini sauti yake iwemo.

Wekeni ngazi za kutatua mgogoro: kwanza nyinyi wawili, kisha wazee wawili, mmoja kwa kila upande, kisha ofisa ustawi wa jamii au kiongozi wa dini, na mwisho mahakama. Mpango upitiwe kila mwaka, na pia mtoto anapoanza shule, anapoingia sekondari, mzazi anapohama, kuoa au kuolewa. Sainini nakala tatu mbele ya mashahidi: moja ya baba, moja ya mama, na ya tatu kwa mlezi au mzee mliyemchagua. Mkiwa mahakamani kwa ajili ya talaka, ombeni makubaliano yenu yaingizwe katika amri ya mahakama, kwa sababu amri ndiyo inayoweza kukazwa kwa nguvu ya sheria.

Baba, mama: mna haki ya kutopendana tena, na hakuna atakayewalazimisha kurudiana. Mtoto hakuachana na yeyote kati yenu. Mpeni makubaliano ambayo hata mkiwa na hasira yatafuatwa, na muyaandike mwezi huu.